Kusaidiwa Kufa na Kuuguzwa Hadi Mwisho: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa. Nawazuru wagonjwa ambao hospitali imewaambia warudi nyumbani, kuanzia Mikindani hadi ng'ambo ya Likoni, na begi langu halina makubwa: glavu, kipimo cha presha, sirinji za kupimia dawa ya maji, daftari. Maswali ya hapa chini nimeulizwa barazani, mlangoni nikivaa viatu, ndani ya tuktuk, na mara nyingi kwa kunong'onezwa ili mgonjwa asisikie. (Husikia.) Nimeyaweka jinsi yanavyokuja. Mwenye haraka aruke aende kwenye lile linalomkaa kooni.

Kumsaidia mtu kufa ni nini hasa? Ni sawa na kuzima mashine?

Si sawa, na nusu ya ugomvi ninaoukuta majumbani hutokana na kuyachanganya. Daktari akimwandikia mgonjwa dawa ya kukata uhai, mgonjwa akainywa kwa mkono wake, huko ni kusaidiwa kujiua. Daktari akimdunga yeye mwenyewe, hiyo huitwa yuthanasia. Kuacha matibabu yasiyofaa kitu tena, au kutoyaanza, ni jambo la tatu, na hapo kinachomwondoa mtu ni maradhi yake. Tiba shufaa ni la nne: kutuliza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, hofu na upweke, bila kuharakisha kifo wala kukiahirisha kwa mabavu. Huanza siku mtu anapoambiwa ana ugonjwa mzito, hata kama bado anapata kemo, zile dawa kali za kuua saratani.

Watu wakisikia neno hospisi, yaani huduma ya tiba shufaa kwa wenye maradhi mazito, huona makaburi ya Kikowani. Nimewahi kufungiwa mlango Bombolulu na binti aliyedhani nimekuja kumpima mamake sanda. Mama huyo aliishi miezi kumi na minne baada ya hapo, na binti ndiye aliyekuwa akinifungulia, akilalamika nimechelewa.

Sheria ya Kenya yasemaje?

Yakataza. Ibara ya 26 ya Katiba ya 2010 yasema kila mtu ana haki ya kuishi, na kwamba hakuna atakayeondolewa uhai kwa makusudi ila pale Katiba yenyewe au sheria nyingine iliyoandikwa inaporuhusu. Hakuna sheria iliyomruhusu daktari, wala mke, wala mtoto. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kimeweka kifungo cha maisha kwa anayemshawishi mtu ajiue au anayemsaidia kujiua. Akimdunga yeye mwenyewe, hilo ni la mauaji, na kusema "yeye ndiye aliyeniomba" hakukuokoi.

Kuna wanaosema: lakini alikuwa anakufa tu. Kanuni hiyo hiyo imeliona hilo zamani. Anayeharakisha kifo cha mtu ambaye maradhi yangemuua kwa vyovyote huhesabiwa kuwa amesababisha kifo chake.

Mbona nilisikia mahakama imefuta kosa la kujiua?

Ulisikia vizuri, ila ulichosikia ni kingine. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu Nairobi, mbele ya Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kuwa kifungu cha 226 kinapingana na Katiba. Hicho ndicho kilichokuwa kikimfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua akanusurika, na kumweka katika hatari ya kifungo cha miaka miwili. Mimi niliufurahia uamuzi huo. Mtu aliyetoka kuoshwa tumbo hahitaji askari kando ya kitanda. Kifungu cha 225, cha anayesaidia, hakikuguswa.

Nchi gani zinaruhusu, na kwa masharti gani?

Uswisi ndiyo ya zamani: kanuni yake ya adhabu, iliyoanza kutumika 1942, humshtaki anayemsaidia mtu kujiua pale tu anapofanya hivyo kwa maslahi yake. Jimbo la Oregon kule Marekani lilianza 1997, Uholanzi na Ubelgiji 2002, Kanada 2016, Uhispania na Nyuzilandi 2021. Kolombia ilifunguliwa mlango na Mahakama yake ya Katiba mwaka 1997.

Masharti hayafanani hata kidogo. Oregon inataka mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye madaktari wawili wamekubaliana kuwa hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi sita, na dawa ainywe mwenyewe. Uholanzi haina kipimo cha miezi. Inauliza kama mateso hayavumiliki na hayana tumaini la kupungua. Kanada ilianza na wale ambao kifo chao kiko karibu, kisha mwaka 2021 ikawaingiza hata ambao hakiko karibu, na watu wengi wenye ulemavu huko wakapaza sauti kwamba wanaonyeshwa mlango wa kutokea kabla ya kupewa mtu wa kuwahudumia. Kwa upande wa madaktari wenyewe, Chama cha Madaktari Duniani kilikutana Tbilisi mwaka 2019 na kusisitiza kuwa kinapinga yuthanasia na kusaidia kujiua.

Kuna jambo moja katika ripoti za kila mwaka za Oregon ambalo lilinikalisha chini. Sababu ambazo wagonjwa hutaja zaidi si maumivu. Ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yaliyowapa raha, na kuona heshima yao imeondoka.

Afrika hakuna aliyelijaribu?

Afrika Kusini. Robin Stransham-Ford, wakili aliyekuwa na saratani, alikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria mwaka 2015 kuomba daktari amsaidie kufa bila kushtakiwa. Alishinda, lakini alikuwa amekwisha kufariki saa chache kabla ya uamuzi kutolewa, kifo cha ugonjwa wake, na jaji hakuwa na habari. Desemba 2016 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi ule. Mwaka huo huo Askofu Mkuu Desmond Tutu, akitimiza miaka 85, aliandika kwamba angependa yeye mwenyewe apewe hiari hiyo. Ninamtaja kwa sababu huku kwetu mtu akiuliza swali hili huambiwa ni mambo ya Wazungu. Tutu hakuwa Mzungu, wala hakuwa mtu asiyemjua Mungu. Naweza kumheshimu na tusikubaliane.

Daktari akizima mashine ya kupumulia, ameua?

Hili nitalikalia kidogo, maana limenifika nyumbani.

Babangu alilazwa chumba cha mahututi cha hospitali moja ya binafsi kwa siku kumi na tisa. Figo zilikufa siku ya nne. Kila asubuhi tulijipanga nje, tukaingia wawili wawili tumevaa gauni za kijani, tukamshika mkono uliovimba kwa dripu mpaka pete ikabidi ikatwe. Kila tulipouliza tuliambiwa "hali ni ile ile". Kundi la WhatsApp la ukoo likawa la kutuma namba ya M-Pesa na kuandika Amina. Kiwanja cha Mtwapa kiliuzwa. Siku ya kumi na nane kakangu alimuuliza daktari: huyu angekuwa babako ungefanyaje? Akajibu kwamba angekuwa amekwisha mpeleka nyumbani siku kumi zilizopita. Mbona basi hukutuambia? "Hamkuuliza."

Mimi nilikuwa muuguzi tayari wakati huo, na sikuuliza. Siku hizi huuliza kwa niaba ya watu wengine.

Mashine ya kupumulia ni daraja. Kama ng'ambo kuna mahali pa kufika, mtu wa nimonia anayesubiri mapafu yapumzike, mtu wa ajali anayesubiri upasuaji, basi idumu mwezi ikibidi. Kama ng'ambo hakuna kitu, mashine haiponyi. Inashikilia kufa kusitimie. Kuiondoa hapo, kwa makubaliano na kwa dawa ya kumtuliza mgonjwa asihangaike na pumzi, si kumuua. Kipimo ninachowapa watu ni hiki: ukiondoa mashine na mgonjwa kwa ajabu akaendelea kupumua mwenyewe, utafurahi au utaona mpango umeharibika? Anayetaka kuua huona umeharibika.

Na kama hamna uhakika, ombeni jaribio lenye mwisho. Mwambieni daktari: tuanze mashine, tukutane baada ya siku tatu, utuambie wazi figo na mapafu yamefanya nini. Ni rahisi kukubaliana hivyo siku ya kwanza kuliko kubishana siku ya kumi na tano mbele ya bili.

Dini yangu inaruhusu kukataa matibabu?

Mimi si mwanazuoni wala si padri. Nasema niliyoyakuta kwa waliosoma.

Kwa Waislamu, kujiua na kumuua mgonjwa kwa kumhurumia vimekatazwa, na aya ya 29 ya Suratun Nisaa ndiyo inayotajwa kwanza. Hata kutamani mauti kwa sababu ya dhara kumekatazwa katika hadithi; aliyezidiwa ameelekezwa aombe aishi maadamu uhai ni kheri kwake, na afishwe pale kifo kitakapokuwa kheri kwake. Lakini kutafuta dawa ni mlango mwingine. Wanazuoni wengi wa zamani hawakuuona kuwa wajibu pale kupona kusipokuwa na uhakika, na husimulia kisa cha yule mwanamke mwenye kifafa ambaye Mtume (s.a.w.) alimpa hiari: asubiri, na malipo yake Pepo, au aombewe apone. Alichagua subira. Kuhusu mashine, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikutana Amman mwaka 1986 na kukubali ziondolewe iwapo ubongo wote umekoma kabisa na madaktari bingwa wamethibitisha haurudi, hata kama moyo bado unapiga kwa nguvu ya mashine. Na mwongozo wa maadili ya udaktari wa Kiislamu uliotolewa Kuwait mwaka 1981 unamtaka daktari ajue mpaka wake: kazi yake ni kuulinda uhai, si kukirefusha kitendo cha kufa.

Wakatoliki nao wana mpaka unaofanana. Papa Pius wa 12 aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba mgonjwa halazimiki kutumia njia zilizopita kiasi ili abaki hai, na kwamba dawa ya maumivu inaruhusiwa hata ikiwa huenda ikafupisha maisha, maadamu nia ni kutuliza. Kuua kwa makusudi Kanisa limekataa, na limerudia kukataa 1980, 1995 na 2020.

Ninalogombana nalo mimi ni jingine: mhubiri anayemwambia mama wa saratani ya titi aache dawa kwa kuwa imani na dawa hazikai chungu kimoja. Maombi sijawahi kuyazuia. Kombe mgonjwa akitaka kunywa, anywe, mradi koo linameza. Ila dawa ya saa nne anywe saa nne.

Mofini si ndiyo inayommaliza? Na hatakuwa teja?

Mofini ni dawa kali ya maumivu. Swali hili huulizwa Mombasa kuliko mahali popote, na sababu yake naijua. Hapa kila mtaa umewaona vijana waliokatwa na unga. Ukimwambia mtu wa Kisauni kwamba dawa ya mamake imetengenezwa hospitalini kutokana na unga wa mofini, unaona uso unavyobadilika. Naam, heroini na mofini ni ndugu wa tumbo moja. Lakini mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini ya maji kwa kipimo, kwa saa, kutuliza maumivu halisi, hageuki mteja wa maskani. Mwili unaweza kuizoea, na ndiyo maana haikatwi ghafla. Kuizoea si kuitamani.

Wala haimuui ikianzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole. Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi yake ya dawa za maumivu ya saratani mwaka 1986, na mofini iko kwenye ngazi ya juu tangu hapo. Wengi huogopa kwa sababu waliiona ikitolewa siku mbili kabla ya mtu kufa, wakaunganisha. Ilitolewa kuchelewa, basi. Mgonjwa huanza kusinzia sana siku ya kwanza na ya pili. Mara nyingi ni usingizi wa deni, mtu hajalala wiki tatu. Akiwa hashtuki hata ukimwita na kumtikisa, au pumzi imekuwa ya polepole mno, piga simu mara moja.

Taabu yake ya kweli ni choo. Mofini hufunga choo, na atakayekupa mofini bila dawa ya kulainisha choo amekupa nusu ya matibabu.

Namna tunavyoinywesha: chora mstari wa saa kwenye karatasi ubandike ukutani, saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Dozi ya usiku huwa kubwa zaidi, kama ulivyoandikiwa, ili alale. Usingoje alie. Maumivu ni kama maji kwenye mtumbwi: yachote kabla hayajafika magotini.

Nchi jirani ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hii kuandika mofini tangu 2004. Mimi nimewahi kusimama kwenye dirisha la dawa la kituo kimoja nikaambiwa mofini imekwisha, chukua paracetamol. Mgonjwa alikuwa na saratani ya mfupa. Mtu akinijia baada ya siku kama hiyo kujadili haki ya kusaidiwa kufa, husema tuanze na haki ya chupa ile.

Mgonjwa wetu amesema anataka kufa. Tumjibu nini?

Kwanza, usimwambie "usiseme hivyo". Ukimnyamazisha, atasema na dari.

Kaa. Muulize: leo kilicho kizito zaidi ni nini? Halafu ufunge mdomo. Mzee mmoja wa Changamwe, aliyeendesha krini bandarini maisha yake yote, aliniomba sindano. Alisema hivyo hivyo: "Binti yangu, wewe si una sindano?" Alikuwa na saratani ya shavu iliyopasuka nje, na kidonda kilikuwa kinanuka. Maumivu yalikuwa kiasi. Kilichomla ni kwamba alimsikia mkwewe akiwaambia wajukuu wasiingie chumba kile. Tulisaga vidonge vya Flagyl, dawa ya kuua vijidudu, tukanyunyiza unga wake juu ya kidonda kila tulipobadilisha bandeji, tukamhamishia kitanda chini ya dirisha la upande wa kusi. Siku ya nne harufu ilikuwa imepungua hata mkwe alikiri. Mjukuu wa miaka sita akaingia kuonyesha meno yaliyong'oka. Mzee aliishi wiki tano zaidi, na sindano hakuitaja tena.

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's London mwaka 1967, aliwafundisha wauguzi kuwa maumivu ya mtu anayekufa hayakai mwilini pekee. Yako ya mwili, ya moyo, ya jamaa na pesa, na ya roho, na yote hutoka kwa sauti moja. Kwa hiyo "nataka kufa" huweza kuwa: naumwa. Au: naogopa. Au: nimewamaliza kwa gharama. Au: nimechoka, nimeridhika, niacheni niende, na huyu wa mwisho haombi kuuawa, anaomba msimpeleke tena theatre.

Yupo pia aliye na unyong'onyevu wa maradhi ya akili, ambao hutibika hata kwa mtu mwenye saratani. Akiwa hatazami mtu, amegawa vitu vyake, anakusanya vidonge, usimwache peke yake, dawa zote zifungiwe, na mtoe habari siku hiyo hiyo kwa daktari wake. Namba ya ushauri ya Msalaba Mwekundu, 1199, haitozwi pesa, na nyinyi mnaouguza mnaweza kuipiga pia, kwa ajili yenu.

Tumwambie mgonjwa ukweli kuhusu ugonjwa wake? Si tutamuua kwa hofu?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wa sheria wamesema huulizwa. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na matibabu yaliyopo kwa lugha anayoielewa, na haki ya kukataa baada ya kuelezwa madhara ya kukataa. Anayeamua ni yeye akiwa na akili zake, hata kama wanawe wote wamekwenda chuo kikuu.

Sisemi umvamie na habari. Kuna asiyetaka kujua, na hiyo nayo ni haki yake. Atakuambia "zungumzeni na mwanangu". Lakini mara nyingi ninapoitwa jikoni na kuambiwa "mama hajui", nikiingia chumbani mama hunishika mkono na kuniambia "watoto wangu hawajui". Kila upande unamficha mwenzake, na siku za kusameheana na kueleza madeni zinakwisha.

Ndugu wa ng'ambo wanataka apelekwe mahututi, sisi tulio naye hatutaki. Neno ni la nani?

La mgonjwa. Akiwa hawezi kusema, sheria inamtazama mtu aliyemteua kwa maandishi amkubalie matibabu, na asipokuwepo, jamaa wa karibu. Kwa hiyo andikeni mapema: jina la mteule, nini angependa na nini hataki, kama moyo ukisimama asukumwe kifua au la. Nakala moja kwenye faili, nyingine kwa mteule, na yaliyoandikwa yasomwe mbele ya wote. Aliye Doha au London apigiwe video amwone mgonjwa akigeuzwa kitandani. Mara nyingi anayepigania mahututi ni yule aliyekosa kumwona mwaka mzima, na picha aliyo nayo ni ya mtu aliyemsindikiza uwanja wa ndege akiwa mnene.

Ameacha kula. Tunamuua kwa njaa?

La. Mwili unaofunga duka hauhitaji bidhaa. Ukimlazimisha uji, huingia mapafuni. Dripu nayo huweza kujaza kifua na kuvimbisha miguu. Wanazuoni na maaskofu wengi huona chakula na maji kuwa huduma ya msingi isiyozuiliwa maadamu mwili unapokea, nami nakubali: anayetaka apewe. Tonge la aiskrimu, madafu kijiko kimoja. Asiyemeza, lowesha kitambaa safi kwa maji, zamzam ikiwapo, umpitishie mdomoni, kisha mafuta kidogo kwenye midomo. Hii kazi wape wajukuu.

Tutajuaje kwamba saa imekaribia?

Hulala zaidi. Vidole vya miguu hupoa na kugeuka rangi, mkojo hupungua na kuwa mweusi kama chai ya rangi. Pumzi huja kwa mafungu, inasimama unahesabu hadi kumi na tano, inarudi. Huenda kukawa na mkoromo kooni, mate ambayo hana nguvu ya kumeza. Unawatisha wanaosikiliza kuliko unavyomtesa yeye, na kumlaza ubavu husaidia. Wengine huzungumza na waliokwisha kufa. Usiwakatalie. Inaaminika kuwa masikio hubaki mwisho, basi atamkiwe shahada polepole, au aimbiwe, au padri aitwe kwa mpako kabla hajazama, na habari ya kiwanja isijadiliwe juu ya kichwa chake.

Huduma hii inapatikana wapi Mombasa?

Anzieni hospitali ya Coast General, ile ambayo wengi wetu bado twaiita Makadara. Coast Hospice iko huko huko. Nendeni na barua ya daktari na matokeo ya vipimo, hata kama mgonjwa hawezi kufika. Kabla ya kulipa mfukoni, ulizeni SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inagharamia nini kwa ugonjwa wenu. Watu wengi hulipa kwanza na kuuliza baadaye. Mlio Likoni, hesabuni feri: chukueni dawa kabla ya chupa kufika robo.

Na wewe mwenyewe, ungekubali sheria ya kusaidiwa kufa?

Leo hapa, hapana. Mahali ambapo familia huuza kiwanja ili mtu alazwe, ruhusa ya kufa haitakaa muda mrefu kabla ya kuwa adabu ya kufa. Mama wa Majengo aliyekwisha sema "nimewalemea" hatahitaji kusukumwa na mtu.

Lakini sitadanganya kwamba mofini na mkono wa kushika vinajibu kila kitu. Niliwahi kumuuguza mwalimu aliyekuwa na ugonjwa wa neva unaolegeza misuli yote na kuiacha akili kama ilivyo. Hakuwa na maumivu makubwa. Hakuwa na dhiki ya pesa, wala unyong'onyevu wa kutibika. Alipobaki na sauti ya kunong'ona aliniambia: "Maumivu yangu umeyatuliza. Maisha yangu je?" Kulikuwa na njia ya kumpa dawa za usingizi mzito mwishoni, pumzi itakapomsumbua, kwa nia ya kumwondolea taabu ile na si ya kumuua; nilimweleza, na hatimaye ndivyo alivyotaka, na ndivyo ilivyokuwa. Swali lake sikulijibu. Bado ninalo.

Akifia nyumbani tufanye nini?

Hakuna haja ya kumkimbiza hospitali. Mfungeni macho na taya, mnyoosheni viungo, zimeni feni mkitaka. Aliyefia nyumbani huandikiwa na naibu chifu wa eneo, ndipo kibali cha kuzika kipatikane. Nendeni na kitambulisho cha marehemu na barua za hospitali, na namba ya naibu chifu iwe kwenye simu mapema, hasa nyinyi mnaozika siku hiyo hiyo.

Mofini iliyobaki msiimwage wala msimpe jirani mwenye mgongo. Irudisheni mlikoitoa. Nyumba moja ya Tudor waliniletea chupa imefungwa kwa kipande cha kanga, na ubavuni mwa lebo wamejaza kwa kalamu saa ya kila dozi na jina la aliyempa. Saa nne usiku, mara zote, ni jina moja, la kijana ambaye wote walikuwa wamenionya kuwa hafai kitu.